Skopu ya krosibo inayohama ziro: usinunue mpya kabla hujajua nini kinachohama

Leo ni skopu (darubini ya kulengea) ya krosibo, ule upinde wenye kitako kama bunduki, na kuhama ziro maana yake mshale hauendi tena pale skopu inapolenga. Swali lenyewe limetoka kwa kijana wetu mmoja yuko Columbus, Ohio, Marekani, nalifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Nina krosibo ya futi 390 kwa sekunde, ilikuja na skopu yake ya 4x32. Msimu uliopita ilikuwa inapiga poa tu, sasa hivi leo mshale unaenda kulia, kesho kushoto, nazungusha nobu haisaidii. Halafu jioni, muda ule kulungu ndio wanatoka, naona giza tu ndani. Mtandaoni nimeona skopu ya bunduki 3-9x40 bei nzuri, niichukue? Bajeti yangu dola 250."

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi: hiyo 3-9x40 achana nayo, na hiyo 4x32 usiitupe leo, maana sijashawishika kwamba ndiyo inayokosea. Kwa wageni: namba za kabla ya x ni mara ngapi skopu inavuta, ya baada yake ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Sasa jibu refu.

Wewe umesema kulia, kushoto. Hujasema juu, chini. Hilo ni muhimu sana na watu wengi hawalitilii maanani. Krosibo ikianza kutawanya mishale kwa upana, kitu cha kwanza kukitazama ni kamba, namna unavyoivuta. Ukiivuta kwa mikono mitupu mkono mmoja huwa unatangulia kidogo, kamba inashika kwenye kufuli ikiwa haijakaa katikati, basi mshale unatoka umesukumwa upande, na kesho ukiivuta tofauti unatoka upande mwingine. Ndio maana zinauzwa zile kamba za kuvutia zenye ndoano mbili, wengi wanadhani kazi yake ni kupunguza uzito tu, kumbe kazi yake kubwa ni kuhakikisha pande zote mbili zinavutwa sawasawa kila mara. Chukua kalamu ya wino mzito, krosibo ikiwa haijavutwa weka alama kwenye kamba kushoto na kulia pale inapogusa reli (njia ya katikati anakopita mshale), halafu ivute uangalie kama alama zimekaa umbali sawa pande zote mbili za reli. Kama hazijakaa sawa, umeshapata mchawi na hujatumia hata senti.

Cha pili, skrubu. Anza chini kupanda juu: skrubu zinazoshika besi (kipande kinachobeba skopu) kwenye krosibo, halafu zile zinazoshika ringi (vibano vya bomba la skopu) kwenye besi, halafu zile za juu zinazobana bomba la skopu. Krosibo ina tabia mbaya ya mtetemo, mikono ya upinde inarudi mbele kwa nguvu halafu kamba inasimama ghafla, na mtikisiko wote huo unapita kwenye reli mpaka kwenye skrubu. Msimu mzima wa mazoezi skrubu iliyofungwa kwa kukisia lazima ilegee. Zifungue, futa mafuta, zile za besi weka gundi ya nati ya bluu (si nyekundu, nyekundu hutaitoa kirahisi), halafu zile za juu ya ringi zikaze kwa bisibisi ya kupimia nguvu. Vipimo vingi vya skrubu za ringi vinacheza inchi-pauni 15 hadi 18, lakini soma karatasi ya ringi zako kwanza. Na kukaza kupita kiasi nako ni kosa, bomba la skopu ni alumini nyembamba, ukilibana sana vyuma vya ndani vinashindwa kutembea vizuri, halafu unasema skopu mbovu wakati umeikaba mwenyewe.

Sasa hili la nobu, kile kizungushio cha kusogezea pa kulenga, "haisaidii". Naomba usome taratibu hapa kwa sababu ndipo skopu nyingi nzima zinaporudishwa dukani. Skopu nyingi kliki moja (mlio mmoja wa nobu) ni robo inchi kwa yadi 100. Wewe unapiga yadi 20. Kwa hiyo kwa yadi 20 kliki moja inasogeza sehemu moja ya ishirini ya inchi tu, yaani kusogeza inchi moja unahitaji karibu kliki 20. Mtu mshale umeenda inchi 2 kulia, anazungusha kliki 4 kama alivyoona kwenye video ya bunduki, anapiga, haoni tofauti, anazungusha nne upande mwingine, anachanganyikiwa. Alitakiwa azungushe kama 40! Angalia juu ya nobu yako imeandikwa nini, nyingine za krosibo ni nusu inchi kwa yadi 100, hizo unahitaji kama 10 kwa inchi.

Ukishamaliza hayo ndio uipime skopu yenyewe. Weka krosibo juu ya mifuko ya mchanga, yadi 20, tumia mshale mmoja ule ule kila mara (andika namba kwenye mishale yako, utashangaa mmoja unavyoweza kuwa na tabia yake peke yake), ncha za mazoezi, lengo moja lile lile muda wote. Piga. Zungusha kliki 40 juu, piga. 40 kulia, piga. 40 chini, piga. 40 kushoto, piga. Kila risasi weka alama kwenye karatasi kabla hujachomoa mshale. Kwa skopu ya robo inchi unatakiwa upate kiboksi cha pande nne chenye urefu wa kama inchi 2 kila upande na mshale wa mwisho urudi pale pale ulipoanzia au pembeni yake kabisa. Kama boksi limepinda sana, au haurudi nyumbani, au unasogea bila wewe kugusa kitu, hapo sasa nakubali, skopu imekufa ndani, mara nyingi ni springi inayoshikilia bomba la ndani imechoka kwa ile mitikisiko.

Skopu ya kuaminika kwangu mimi ndiyo hiyo. Inayobaki ulipoiweka, ikizungushwa inakwenda ulipoituma, na dakika za mwisho za mwanga bado unaona bega la mnyama. Hayo mengine yote yaliyoandikwa kwenye boksi yanakuja baadaye.

Haya, tuseme imefeli, au imepona lakini giza bado linakusumbua. Kwa nini nakataa 3-9x40 ya bunduki?

Watu wengi watakuambia shida ni paralaksi, yaani msalaba kuonekana unahama jicho likisogea, kwamba za bunduki zimesetiwa yadi 100 na za krosibo kawaida yadi 50. Ni kweli, lakini hilo peke yake si kubwa kihivyo, kwa lenzi ya milimita 40 na shabaha ya yadi 30 kosa lake hata jicho likikaa vibaya kabisa ni kama sentimita moja na nusu hivi. Kulungu hatapona kwa sababu ya sentimita moja na nusu. Shida zenyewe ni nyingine. Ya kwanza, inaanzia 3. Wewe unakaa juu ya mti, kulungu wa mkia mweupe anapita yadi 15 chini yako kwenye matawi, unainua skopu unaona manyoya tu hujui ni paja au ni bega. Skopu inayovuta mara 4 kwa yadi 20 inakuonyesha upana wa futi 5 au 6 hivi, huyo ni kulungu mmoja kajaza kioo chote. Inayoanzia 1.5 inakuonyesha zaidi ya mara mbili ya hapo, unaona mnyama, unaona tawi lililoko mbele yake, unaona na mwenzake anayekuja nyuma.

Ya pili ni mistari ya kulengea iliyo ndani ya skopu. Bunduki kwa yadi 20 mpaka 50 risasi ni kama haijashuka, kwa hiyo skopu yake ina msalaba mmoja unatosha. Mshale unashuka mdogo wangu, unashuka sana. Nimekupigia hesabu: krosibo ya futi 400 kwa sekunde ukiiweka ziro yadi 20, kwa yadi 40 mshale uko chini kama inchi 6 au 7, yadi 50 uko chini kama 13. Ile ya futi 300, kwa yadi 40 tu umeshuka kama inchi 14. Sasa kwa msalaba mmoja utakuwa unakisia hewani juu ya mgongo wa mnyama, na kukisia ndiko kunakoleta kulungu waliojeruhiwa wakakimbia wakafia mbali bila kuonekana, jambo ambalo mimi linaniuma kuliko kukosa kabisa.

Ya tatu ni ule mtikisiko. Skopu za bunduki zimejengwa kubeba teke linalorudi nyuma, krosibo mshtuko wake mwingi unakwenda mbele halafu unafuatiwa na mtetemo, na za bei rahisi hazijatengenezwa kwa hilo. Nzuri za bunduki zinavumilia, ila hiyo unayoiona kwa bei ya kutupa sidhani.

Kuhusu giza. Hapa kuna hesabu moja rahisi: gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa namba inayovuta. 32 kwa 4 ni milimita 8, huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni mwako. Jicho la mtu mzima gizani linafunguka kama milimita 5 mpaka 7, kwa hiyo 4x32 yako ukubwa wa lenzi unatosha na kubaki! Kama unaona giza basi tatizo ni kioo chenyewe, lenzi hazijapakwa zile tabaka za kuzuia mwanga usiakisiwe, au zimepakwa upande mmoja tu. Kuongeza lenzi iwe 40 au 50 haitasaidia kitu, itakuongezea uzito na skopu itapanda juu zaidi ya reli. Ukiwa dukani tafuta maneno yanayosema kila uso wa lenzi umepakwa tabaka nyingi, si "zimepakwa" tu. Na usiipimie ndani chini ya taa, kila skopu ni nzuri chini ya taa. Omba utoke nayo nje jua likizama, elekeza kwenye kivuli cha miti au nyuma ya magari huko, linganisha mbili kwa pamoja, jicho lako litaamua lenyewe. Ohio mnaruhusiwa kuwinda kulungu mpaka nusu saa baada ya jua kuzama na hiyo nusu saa ndiyo ya dhahabu, kwa hiyo kama hela ni ya kugawa, sehemu kubwa iende kwenye kioo.

Angalia pia kabla hujaivuta namba juu, maana ukiiweka 7 kwenye lenzi ya 32 unabaki na milimita 4 na nusu, umejipunguzia mwanga mwenyewe.

Taa ya ndani, ile nyekundu na kijani, ni nzuri lakini iwe inapungua mpaka iwe hafifu kabisa. Za bei ya chini hata ikiwa namba 1 inawaka kama indiketa, jioni inakupofusha unaona mistari mnyama humuoni. Na mistari iwe imechorwa kwenye kioo chenyewe ili betri ikifa bado iko nyeusi unaiona. Betri nyingi ni ile ya CR2032, weka ya akiba kwenye mfuko wa ndani wa koti, baridi ya Novemba inaua betri haraka.

Ununue ipi sasa. Kwa dola 250 tafuta 1.5-5x32 au 2-7x32 iliyotengenezwa kwa ajili ya krosibo, yenye mistari ya yadi 20, 30, 40, 50 na pete ya kusetia kasi. Hawke wana mfululizo wao wa krosibo, Vortex wana Crossfire II ya 2-7x32 ya krosibo, na watengenezaji wa krosibo wenyewe kama TenPoint nao wanauza zao. Kati ya hizo mbili za mwanzo mimi kwa mtu anayewinda msituni juu ya mti ningemwambia achukue inayoanzia 1.5, kwa anayewinda pembeni ya mashamba ya mahindi achukue 2-7. Vortex waranti yao ni ya maisha na inahamia kwa atakayeinunua kwako, hiyo ina thamani kwa chombo kinachotikiswa namna hii. Nikon Bolt utaziona za mtumba, zilikuwa skopu nzuri za krosibo, ila Nikon waliacha kutengeneza skopu za bunduki na krosibo, kwa hiyo nunua ukijua hilo. Ukiona mistari imejaa kama neti, vidoti, namba, duara, msalaba, iache. Kulungu hakupi muda wa kusoma.

Halafu hii pete ya kasi, watu wanaielewa vibaya kweli kweli. Skopu hizi mistari yake haikui unapovuta, picha ndiyo inakua. Kwa hiyo ukizungusha pete, nafasi kati ya mistari inabaki ile ile lakini inafunika sehemu kubwa au ndogo ya shabaha, na ndivyo inavyolinganishwa na kasi ya mshale wako. Maana yake ni moja: kuna sehemu MOJA tu ya pete ambapo mistari yako ya 30, 40 na 50 inasema kweli. Ukishaipata, kwa risasi yoyote zaidi ya yadi 20 pete iwe hapo. Ukizungusha ili umuone vizuri pembe zake halafu ukasahau kurudisha, mstari wa 40 sio 40 tena. Mstari wa juu kabisa ndio hauathiriki. Mimi huweka alama ya rangi nyeupe kwenye pete, gizani unaiona kwa haraka.

Na usiiweke 390 kwa sababu krosibo imeandikwa 390. Hiyo namba ya kiwanda wameipata kwa mshale mwepesi. Wewe mshale wako wa kuwindia na ncha yake huenda ni mzito zaidi, labda unakwenda 370 au chini ya hapo. Njia ya kuipata ni hii: ziro kwanza yadi 20 kwa mstari wa juu mpaka utulie kabisa. Kisha nenda yadi 40, tumia mstari wa 40, piga. Mshale ukianguka chini ya ulipolenga pete ielekee kasi ndogo zaidi, ukipita juu ielekee kasi kubwa, kidogo kidogo, usiguse nobu tena. Ikikubali 40, jaribu 30 na 50 zitakuwa zimekubali zenyewe au karibu sana. Maliza kwa kurudia na ncha za visu zile utakazowindia, maana zinaweza kuruka tofauti na za mazoezi, na ncha hizo ndizo zinazohesabika. Piga kila mshale kwenye doti yake, ukipiga sehemu moja utapasua mshale kwa mshale, hela hizo.

Wakati wa kufunga hakikisha mstari wa kusimama uko wima kweli krosibo ikiwa imelala sawa, tumia pima maji ndogo kwenye reli. Skopu iliyoinama kidogo yadi 20 hutaona kitu, yadi 40 mshale unaenda pembeni na utarudi kwangu kuuliza tena kulia kushoto. Nafasi ya jicho iwe inchi 3 na nusu au 4, ukiwa umevaa koti lako la baridi, si fulana, maana koti linasukuma kitako mbele.

Ukungu: skopu yoyote utakayonunua iwe imejazwa naitrojeni au agoni na imefungwa kwa mipira, hiyo inazuia ukungu wa ndani. Ukungu wa nje haizuii. Krosibo iliyopoa kwenye barafu ukiiingiza ndani kwenye joto lenzi inashika ukungu, kwa hiyo iache garini au barazani pakiwa salama na isiwe imevutwa, ikalingane na hali ya hewa. Na usipumue kwenye lenzi.

Umbali nao tuseme ukweli. Skopu nzuri itakufanya uone yadi 60 kama mlangoni na mkono utawasha. Sauti inakwenda futi 1,100 kwa sekunde, mshale wako haufiki 400. Kulungu aliyeko yadi 40 anasikia krosibo ikilia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mshale unafika baada ya sehemu tatu za kumi. Katikati hapo ana muda wa kuchuchumaa ili aruke, mshale unapita juu ya mgongo au unampiga pabaya. Hakuna skopu duniani inayorekebisha hilo. Mnyama ametulia, hana wasiwasi, yadi 40, basi. Kama ameshainua shingo anakutafuta mimi hata 30 simpigi.

Kuna wengine watakushawishi uchukue zile za elektroniki, Garmin Xero X1i au Burris Oracle X, zinapima umbali zenyewe na kukuwekea pa kulenga. Zinafanya kazi, lakini bajeti yako haifiki hata karibu, na pia kila jimbo lina sheria yake kuhusu vifaa vya elektroniki kwenye upinde, mengine yanakataza kabisa. Soma kitabu cha sheria cha mwaka huu cha idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla hujalipa, na ukivuka kwenda kuwinda jimbo lingine soma cha huko, Oregon kwa mfano krosibo yenyewe hairuhusiwi kuwindia. Na kwa wanaotusoma wakiwa Uingereza, kule kuwinda kwa upinde wa aina yoyote kumekatazwa na sheria ya 1981, na Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo haya yote kwenu ni ya shabaha ya karatasi tu.

Sasa fanya hivi mdogo wangu: wikiendi hii alama za kamba, skrubu, halafu lile boksi. Msimu wa upinde Ohio unafunguka mwishoni mwa Septemba, muda upo. Nitumie picha ya karatasi ikiwa na alama zote tano na uniandikie uzito wa mshale pamoja na ncha yake, pia kama unavuta kwa mikono au kwa kamba, nitakwambia kama ni skopu au siyo kabla hujazitoa hizo 250.